Kidole Kilichofungwa Uzi

Baraka, Territoire ya Fizi
Tarehe 29 Julai 1956

Kwa Casimir, mfanyakazi wa reli,
Albertville

Mpendwa mwanangu Casimir,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako Adolphine, dada ya baba yako, ambaye bado anatembea kwa miguu yake mwenyewe na bado anaudhika upesi kama ulivyomwacha. Hujambo huko? Kile kikohozi ulichokuja nacho likizo kimepona? Unakula chakula cha mtu mzima, au bado unashinda na mkate na chai kwa uvivu wa kupika? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti la baba yako linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua analisahau. Mimi meno mawili yameniaga tangu Pasaka. Yaliyobaki yanatafuna vizuri.

Kiangazi kimekaza. Vilima vimechomwa vyote mpaka karibu na barabara ya Fizi, na upepo wa ziwa unaanza kupuliza mapema, hata muhogo tunaouanika unajaa mchanga na bugali inalia menoni. Ndagala wanapatikana kwa wingi ziwani. Nimekufungia kikapu kimoja, atakupa Bahati pamoja na barua hii, maana yeye anakuja huko na mashua yake. Nakujua, utataka kuwagawia rafiki zako wote. Bakiza wa kwako.

Soksi ulizomletea baba yako anazivaa kila Jumapili, tena na makobazi. Nimemwambia watu wanacheka. Anasema wanaona wivu.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha chini kuandika. Barua uliyomtumia baba yako mwezi huu niliisoma mimi, kwa sababu miwani yake imevunjika. Niliisoma kwa sauti mara moja. Aliponiambia nirudie nilikataa. Umeandika kwamba msafiri mmoja amekuambia mtoto aliyezaliwa na mke wako Florentine ana vidole sita. Umeandika kwamba katika ukoo wetu hajawahi kuonekana mtu wa namna hiyo, na kwamba Baraka nzima inajua vidole sita ni vya nyumba gani. Kwa hiyo mtoto asipewe jina lako, na mama yake arudishwe kwao Lubondja.

Nitakujibu polepole, maana hasira yangu ya siku ile imepoa, na jambo lenyewe linataka kuelezwa tangu mwanzo.

Mwanzo ni kosa langu mimi. Unajua kuwa ninawasaidia wazazi pale dispansere ya misheni, chini ya mganga Albert. Florentine alijifungulia mikononi mwangu tarehe tisa mwezi wa sita, mchana kweupe. Mtoto wa kiume, mzito, mwenye sauti. Pembeni ya kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto palikuwa na kingine chembamba, kina ukucha wake, hakina mfupa, kinaning'inia kwa ngozi tu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwepo akanipa uzi nikifunge. Nikaukataa. Mwaka jana tuliletewa mtoto aliyefungwa uzi mchafu nyumbani, mkono umevimba mpaka kiwikoni, na hatukuweza kumwokoa. Tangu siku hiyo mganga Albert amekataza uzi. Mtoto angojee daktari anayepita kila baada ya miezi mitatu, akate kwa kisu safi. Basi kidole kikabaki mahali pake, na kila aliyekuja kumpongeza mzazi alikiona.

Nisingekataza uzi ule, Casimir, wewe usingeandika barua ile. Nimeliwaza sana jambo hilo. Lakini hata kesho nitakataza tena.

Hapa Baraka ni nyumba moja tu ambayo watu wake wanatembea na vidole sita hadharani, nyumba ya mzee Uledi. Mwanawe Lukmani, fundi cherehani, anacho cha mkono wa kulia, kina mfupa na kinapinda kama vingine. Akishona unakiona kinasaidia kushika kitambaa. Na Florentine alishonewa gauni la ujauzito na Lukmani, kama nusu ya wanawake wa Baraka. Watu wakachukua gauni na kidole, wakavishona pamoja wakapata hadithi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi niliyempokea mtoto. Na wewe uliyesoma miaka sita kwa walimu ulihesabu vidole, hukuhesabu miezi. Uliondoka hapa tarehe kumi na sita mwezi wa tisa wa mwaka jana. Kaa uhesabu, sitakufanyia hesabu hiyo mimi.

Baba yako, baada ya barua yako, alikuwa mkali kuliko wewe mwenyewe. Alituma mtu Lubondja kuwaambia wazee wa Florentine waje kumchukua binti yao tarehe kumi na mbili mwezi wa nane. Florentine alisikia habari hiyo siku ile ile, akiwa anatwanga muhogo. Aliendelea kutwanga. Mtoto alikuwa na zaidi ya mwezi na hana jina. Tulikuwa tunamwita mutoto tu, maana kwetu jina linatoka upande wa baba, na baba alikuwa amelikataa. Kwenye kitabu cha bureau ya serikali kule Fizi hakuna mstari wake mpaka leo.

Mimi nilikuwa nikizunguka zunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilijua miezi ni sawa, nilimjua Florentine, lakini kidole nilikuwa nimekiona kwa macho yangu na sikuwa na la kusema. Mwishowe nikaenda kwa Siti, mama yake Lukmani.

Nilikwenda kwa aibu. Watu walikuwa wameanza kuvifuata vitambaa vyao kwa Lukmani kabla havijashonwa, na cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka siku ya kazi. Nilitaka kumpa Siti pole. Nikisema ukweli wote, nilitaka pia kumtazama usoni nione kama kuna kitu anachokificha. Ndiyo, na mimi pia. Siti alinipa kahawa, akaniacha niseme mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Adolphine, siye tunaachaka kidole. Baba ya Uledi alikataa kukata kitu Mungu aliweka. Lakini ninyi munafungaka. Juu ya nini sasa munashangaa kukiona?"

Nikamwuliza ninyi nani.

"Ninyi bote. Enda uliza Wabiwa, alikujaka na uzi yake hata kwetu."

Wabiwa unamkumbuka, yule mkunga mzee wa kule mtoni. Yeye na marehemu mama yake ndio waliowapokea watoto wote wa hapa kabla dispansere haijajengwa. Sasa macho yake hayaoni tena, lakini masikio yake ni mazima, na alinijua kwa mwendo kabla sijapiga hodi. Nilipomwuliza habari ya vidole alisema hajui ninazungumzia nini. Nikauliza tena, akaanza kunieleza habari za mbuzi wake. Nikamwambia wazi kwamba tarehe kumi na mbili mke wa Casimir anarudishwa kwao kwa sababu ya kidole cha mtoto. Hapo akanyoosha mikono, akaniambia nimpe yangu. Akaipapasa pembeni, chini ya vidole vidogo, pande zote mbili.

"Weye hauna," akasema. "Kaka yako Anatole, baba ya Casimir, iko nayo. Yeye, mama yangu njo alimufunga, mi nilishika maji. Casimir nilimufunga miye mwenyewe, mikono yote mbili. Na wa kwako, Jacques, wa kushoto."

Mwanangu, nilikaa chini kwenye vumbi. Unajua kuwa Jacques wangu alikufa kwa surua akiwa na miaka mitano, na wewe una miaka saba, na mlikuwa mnalala mkeka mmoja. Ni miaka kumi na tisa sasa. Nilidhani ninajua kila kitu cha mwili wa yule mtoto, hata kovu la kisigino. Kumbe nilimzaa na sikuambiwa alikuja na vidole vingapi. Nilimlilia upya kana kwamba amekufa siku ile, na Wabiwa alinishika bega.

Nilipotulia akanieleza kazi yao ilivyokuwa. Mtoto akizaliwa na kidole cha nyongeza, mkunga alikifunga uzi wa mgomba hapo hapo wakati wa kumwosha, mama akiwa bado hana nguvu ya kutazama. Kisha mkono ulifungwa kitambaa, na mama aliambiwa ni ili mtoto asijikwaruze uso. Mkunga mwenyewe ndiye aliyekuja kumwosha kila siku mpaka kitovu kidondoke. Na kidole kilikauka kikadondoka siku hizo hizo, wakavizika pamoja. Hakuna aliyeambiwa, wala mama wala baba. Ilikuwa sheria ya wakunga kwamba kinachotoka kwa mtoto siku ya kuoshwa hakitoki nje ya nyumba. Walidhani wanawaficha watu aibu. Matokeo yake ni kwamba ukoo mzima unaapa mbele ya Mungu kuwa kwetu hakuna, na hausemi uongo, haujui tu.

Jumapili ya wiki ile wazee walikutana kwa baba yako baada ya misa, kuzungumza habari za kumrudisha Florentine. Na mimi nilikwenda. Nilimsalimu kila mtu kwa mikono miwili na sikuiachia mpaka nimeipapasa. Walidhani shangazi sasa amezeeka. Tulikuwa watu wazima kumi na saba wa damu moja, nikapata sita wenye kinundu, kigumu kama punje ya mchele, mahali pale pale chini ya kidole kidogo. Wengine mkono mmoja, wengine yote miwili. Kisha nikamwuliza kila mmoja wa wale sita amekipata wapi.

Ungekuwepo ungecheka hata wewe. Kila mtu alikuwa na hadithi yake. Mdogo wangu Émilienne alisema aliungua kwa chungu akiwa msichana. Binamu yetu Nicolas alisema amezaliwa nacho, na alidhani watu wote wanacho, akaushika mkono wa mke wake pale pale kuhakikisha, akashangaa sana. Baba yako alisema ni ndoana. Wewe mwenyewe umeisikia habari ya yule sangala mkubwa aliyemvuta majini, hakuna aliyeingia nyumba ile asiisikie. Nikawaambia yote niliyoyasikia kwa Wabiwa. Baba yako aliutazama mkono wake, akaupapasa, akautazama tena.

"Kumbe sangala ile sikumupata?" akaniuliza.

"Sangala ulimupata, kaka," nikamjibu. "Ndoana njo haikukupata."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Lakini hakuna aliyezungumza tena habari za tarehe kumi na mbili.

Kesho yake nilimwomba mganga Albert anieleze jambo hili kwa elimu yake, maana nilikuwa na swali langu. Ikiwa mimi mikono yangu ni mitupu, Jacques alikitoa wapi? Albert anasema mtoto anapata nusu ya mwili wake kwa baba na nusu kwa mama, na kila anapozaliwa mtoto mgawo unafanywa upya, ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani. Mzazi mwenye kidole kile anaweza kumpa mtoto huyu asimpe yule. Aliyekipokea huenda kikaonekana kizima na mfupa wake, kama cha Lukmani, au kijinyama tu, au kisionekane kabisa. Huyu wa mwisho anatembea nacho ndani ya damu asijue, akampa mwanawe. Huenda huyo ni mimi. Nikamwuliza kama kukifunga vizazi vyote hivi hakukupaswa kukimaliza. Alicheka, akasema mtu anaweza kunyoa kichwa kila Jumamosi maisha yake yote, na mtoto wake atazaliwa na nywele.

Kisha akafungua daftari la watoto waliozaliwa pale tangu dispansere ianze, miaka minne. Watoto mia sita na kumi na wawili. Wenye kidole cha nyongeza tisa. Watatu ni wa hapa ziwani, wanne wa vijiji vya mlimani, wawili wa Lubondja. Katika hao tisa, wa nyumba za Waislamu ni wawili tu. Nilimwomba arudie kuhesabu, maana mimi sipo kila mtoto anapozaliwa. Miaka yote hii tumekuwa tukisema ni alama ya nyumba ya Uledi, kumbe kimetapakaa kwa watu wote kidogo kidogo, na nyumba ya Uledi ndiyo peke yake isiyokificha. Albert anasema mambo ya mwili ndivyo yalivyo kwa watu wote, hayafuati mipaka ya dini wala ya kijiji. Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Alinijibu kwamba hakuna aliyemwuliza.

Baba yako ni mtu wa kiburi, unamjua, lakini Jumapili ile ile alituma mtu Lubondja kufuta maneno yake. Kesho yake akachukua kitambaa cha suruali alichokuwa amekiweka kwa ajili ya Noeli, akaenda barazani kwa Lukmani, akakaa pale tangu asubuhi mpaka saa saba ili kila apitaye amwone. Lukmani alimpima. Akamwambia suruali itakuwa tayari Alhamisi. Siku mbili baadaye nikaona wengine wanarudisha vitambaa.

Mimi nilikuwa nimekimbilia kwa Florentine Jumapili ile ile baada ya kikao, nikihema, nikiwa tayari kupiga vigelegele. Nilimkuta anafua nguo za mtoto. Nikamweleza habari za Wabiwa, za vinundu, za baba yako na sangala wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakamua nguo aliyokuwa nayo mkononi, akaianika.

"Shangazi," akasema, "kile kinundu cha Casimir nilikuwa nakijua. Nimeshikaka mukono yake miaka mbili. Sikujua ni cha nini, lakini nilikijua. Sasa niambie kitu kimoja. Kama Wabiwa angekufa mwaka jana, leo mi ningekuwa nani?"

Swali lile, mwanangu, nimekaa nalo wiki mbili. Nilikwenda kwake na ushahidi nikidhani ninampelekea zawadi. Yeye hakuwa anangojea ushahidi. Alikuwa anangojea mtu mmoja tu aseme kwamba anamwamini kabla ya kinundu, na mtu huyo hakutokea, si baba yako, si mimi, na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kukosa.

Alhamisi iliyofuata aliondoka kwenda Lubondja. Hakufukuzwa. Baba yako alimsihi mpaka mimi niliona haya kwa niaba yake, nikamsindikiza mpaka barabara inapoanza kupanda. Aliondoka na mtoto mgongoni na kikapu kichwani, bila kelele, akiwa amefagia nyumba yako na kumpa jirani ufunguo. Njiani alinieleza anachotaka, na nimemwahidi nitakiandika kama alivyokisema.

Hataki barua. Anataka uende mwenyewe Lubondja, mbele ya wazee wake, kwa miguu yako. Na ukifika usianze kwa kumwonyesha mkono wako, wala usimtaje Wabiwa, wala daftari la Albert. Anza kwa kumwomba msamaha. Mengine yote yanaweza kungoja, hata jina la mtoto litangoja mpaka umalize kusema.

Najua utaipapasa mikono yako kabla hujaimaliza barua hii, na hilo uliloliita kovu la mpini wa jembe la shule utalikuta pale. Litakutuliza moyo. Nakuomba usitulie kwa sababu hiyo. Mtoto ni wako hata usingekuwa na kinundu, kwa sababu kama Albert anavyosema, wapo wasio nacho na watoto wao wanacho. Na wakati huo ungemwambia nini mke wako? Mwombe mkubwa wako wa kazi siku kumi. Mwambie kwamba mkeo amejifungua, maana ni kweli, na kwamba hujamwona mwanao, maana nayo ni kweli.

Florentine atakungojea mpaka mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa. Usipofika, mtoto ataitwa Asende, jina la baba yake Florentine, na ataandikwa Fizi kuwa mtu wa Lubondja. Kule bureau wanataka shahidi aliyekuwepo mtoto akizaliwa. Aliyekuwepo ni mimi. Nakupenda kama nilivyompenda Jacques, Casimir, na siku hiyo mimi ndiye nitakayepanda naye mpaka Fizi kutia sahihi.

Baba yako anakusalimu, ameniambia niandike kwamba hana hasira nawe na kwamba kosa ni lenu wawili, wewe na yeye. Émilienne anakusalimu, na Nicolas, ambaye sasa anamshika mikono kila mtu anayekutana naye njiani mpaka watu wameanza kumkwepa. Mganga Albert anakusalimu. Siti hakutuma salamu, na sikumwomba.

Florentine nilimwuliza pale tulipoagana kama ana neno la kukutumia. Alisema hana. Akatembea hatua kadhaa, akasimama, akaniambia bila kugeuka nikuambie mtoto ameanza kucheka.

Mungu akulinde huko uliko na akuongoze nyumbani salama.

Ni mimi, shangazi yako anayekupenda na anayekungojea,

Adolphine